UZI: Zahanati za mtaani tulipata habari za chanjo ya UVIKO baada ya wagonjwa wetu. Tujipange kabla ya janga lingine

#1 Tabibu wa Kona (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu.

Jambo hili nimekaa nalo tangu 2021. Naliandika leo kwa sababu juzi wilayani kwetu kulikuwa na kikao cha vituo vya afya kuhusu magonjwa ya mlipuko, na sisi wa zahanati binafsi tumekisikia kikiwa kimeshaisha. Nikaona kumbe bado tuko palepale.

Mimi ni tabibu kwenye zahanati binafsi, mji mdogo Kanda ya Ziwa. Tuko watano: mimi, manesi wawili, kijana wa maabara na mama mmoja anayepokea wagonjwa na kutunza kadi. Wakati wa UVIKO hatukuwa kituo cha kuchanjia. Waliopanga wakaona asiyechanja hana haja ya kuambiwa. Nataka niwaonyeshe ilivyokuwa upande wetu.

Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia alizindua chanjo pale Ikulu Dar es Salaam, akachanjwa mbele ya kamera. Siku nne kabla yake dozi 1,058,400 za chanjo ya Janssen zilikuwa zimeshushwa uwanja wa Julius Nyerere kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo. Uzinduzi tuliutazama kwenye televisheni ya sebuleni, mimi na wagonjwa wangu benchi moja. Kabla haujaisha, bibi mmoja wa miaka 68, mgonjwa wangu wa presha wa siku nyingi, akanigeukia: "Daktari, mimi mwenye presha nichanje au nisichanje?"

Benchi zima likanyamaza kunisikiliza.

Nilikuwa nimesoma usiku na mchana mambo ya chanjo hizi kwenye simu, lakini mwongozo wa nchi yangu sikuwa nimeuona hata ukurasa mmoja. Nikamwambia, "Bibi, subiri kwanza niulize."

Barua ilitufikia wiki ya tatu ya Agosti. Ilikuwa nakala ya nakala, maandishi yamefifia, na mstari wa mwisho umekatwa na mashine. Mstari uliokatwa ndio uliokuwa na namba ya simu ya kuuliza. Kusoma juu, nakuta kundi la kwanza ni watumishi wa afya, watu wa miaka 50 na kuendelea, na wenye magonjwa sugu. Bibi yule alikuwa na sifa mbili kati ya tatu, na mimi ndiye niliyemwambia asubiri.

Aliporudi mwezi wa tisa kuchukua dawa zake nikamweleza. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba mwanawe ameshamtumia sauti kwenye WhatsApp inayosema ukichanja damu inaganda, na kwamba hata daktari wake mwenyewe alisita. Daktari mwenyewe ni mimi.

Jambo la pili ni wale waliochanjwa kwingine wakaja kwetu kuugua. Mwezi wa kumi aliletwa kijana wa bodaboda ana homa, mwili unamuuma, anatetemeka. Nesi alishaanza kuandika malaria kwenye kadi. Tukapima, hakuna malaria. Ndipo akasema, "Nilichanja jana mchana." Homa na maumivu ya mwili siku moja au mbili baada ya chanjo ni maudhi ya kawaida na yanaisha yenyewe. Tungekuwa hatujamuuliza angeondoka na dawa za shilingi elfu kadhaa asizozihitaji, na mtaa mzima ungejua chanjo imemletea malaria.

Kuna na zito zaidi. Marekani walisimamisha Janssen tarehe 13 Aprili 2021 wakairudisha tarehe 23, kwa sababu ya watu wachache sana waliopata damu kuganda huku chembe sahani (zile zinazosaidia damu kuganda) zikishuka. Dalili zake ni kichwa kuuma bila kutulia, tumbo kuuma sana, mguu kuvimba, pumzi kubana, ndani ya wiki tatu hivi baada ya sindano. Mgonjwa wa namna hiyo hapewi heparini, dawa ya kawaida ya kuzuia damu kuganda. Sasa nawauliza wakuu, mtu akiumwa kichwa siku ya kumi baada ya chanjo, kwa mtaa wetu anaanzia wapi? Haanzii hospitali ya rufaa. Anaanzia kwangu, na mimi ninampima malaria, nampa panado, namrudisha nyumbani. Ni nadra mno, lakini hata mmoja angekuja sikuwa nimeambiwa nimtazame vipi.

La tatu dogo, ila liliniuma. Kichupa kimoja cha Janssen kina dozi 5, na kikishatobolewa kinatakiwa kiishe ndani ya saa 6 kikiwa kwenye baridi. Kwa hiyo kituo cha afya cha kata kilikuwa kinasubiri watu wafike watano ndipo wafungue. Mimi sikulijua hilo. Nikawa natuma mtu mmoja leo, mmoja kesho. Wanakaa kule hadi saa nane wanaambiwa rudi kesho, halafu wanakuja kunilaumu nimewapotezea siku. Ningeambiwa, ningewakusanya watano watano na kuwapeleka asubuhi moja. Hiyo ilikuwa kazi ya sentensi moja tu.

Naomba kuwasilisha. Waliokuwa ndani ya mfumo, na wa nchi nyingine, mtueleze kwenu ilikuwaje.

#2 Mratibu Mstaafu

Mwanangu Tabibu, nimesoma yote. Nilikuwa mratibu wa chanjo wa wilaya miaka mingi, nimestaafu 2023. Sitakujibu kwa kujitetea, ila nataka uone ilivyokuwa mezani kwangu.

Mwongozo unatoka Wizarani, unapita kwa Mganga Mkuu wa Mkoa, unafika kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, ndipo unakuja kwangu. Mwanzoni nchi nzima ilianza na vituo 550. Orodha niliyokuwa nayo ilikuwa ileile ya chanjo za watoto: kituo gani kina jokofu la chanjo, kinachukua dozi ngapi kwa mwezi. Zahanati isiyo na jokofu haikuwemo. Kwa hiyo ulipofika wakati wa kupeleka habari tukatumia karatasi ya majokofu. Hakuna aliyekaa akasema tuwaache hawa wa binafsi. Hamkuwemo kwenye karatasi, basi.

Na habari yenyewe ilikuwa inabadilika tukiwa barabarani. Agosti tunafundisha kwamba dozi moja imetosha. Oktoba inakuja Sinopharm, zaidi ya dozi milioni moja, ambayo ni dozi mbili, ya pili baada ya wiki 3 hadi 4. Kabla mwaka haujaisha ikaja Pfizer, ambayo wakati ule ilihifadhiwa kwenye baridi kali ya nyuzi 70 chini ya sifuri, na ikishatolewa huko ilikaa kwenye jokofu la kawaida mwezi mmoja tu, halafu ilichanganywa na maji ya chumvi kabla ya kuchoma. Nilikuwa na watu ninaowafundisha chanjo ya kwanza siku ambayo maelekezo ya chanjo ya pili yanaingia.

Grupu la WhatsApp tulikuwa nalo, la waganga wafawidhi. Usinilaumu kwa kutokukuweka mle. Asubuhi salamu, mchana picha za msiba, jioni dua, na katikati yake waraka wa kurasa 30 wenye jambo moja jipya kwenye ukurasa wa 22. Wengi waliokuwemo hawakuuona.

#3 Nakazia

Tabibu, kwa heshima, mbona unafukua ya 2021? Halafu tuseme ukweli, watu hawakugoma kwa kukosa barua. Januari 2021 Rais wa wakati ule alisema hadharani kwamba chanjo za nje hazina maana. Miezi sita baadaye watu hao hao wanaambiwa wakachanje. Barua gani ingetibu hilo?

#4 Tabibu wa Kona

Mkuu Nakazia, hilo la Januari 2021 ni kweli na ndilo linalonipa nguvu. Nchi ikigeuza mwelekeo kwa miezi michache hivyo, mtu wa kawaida hamuulizi waziri. Anamuuliza anayempima presha kila mwezi. Kwa hiyo sisi ndio tulipaswa kujua mapema, kabla ya redio.

Kuhusu kufukua: Aprili 2024 chanjo ya HPV, ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, ilipohamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, wazazi walikuja na kadi za zamani wakiuliza, "Binti yangu alipata moja, ya pili iko wapi?" Nikawa tena sina jibu mpaka nilipompigia rafiki yangu hospitali ya mkoa. Januari 2025 Marburg ikatangazwa Biharamulo, mkoani Kagera, kanda yetu hii hii. Ugonjwa kama ule unaanza na homa na kutapika, na mwenye homa na kutapika anaingia mlango wa zahanati ya karibu. Sisemi habari za zamani.

Mzee wangu Mratibu, asante sana. Hilo la karatasi ya majokofu sikuwahi kuelezwa na mtu. Miaka yote nilidhani tulidharauliwa.

#5 Nesi wa Kisauni

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi ni muuguzi Mombasa, kliniki ya kibinafsi. Huku kwetu twalia kilio hicho hicho, ila sisi tulianza mapema kuliko nyinyi.

Kenya ilipokea AstraZeneca tarehe 3 Machi 2021, dozi milioni 1.02, na chanjo ikaanza tarehe 5 hospitali ya Kenyatta, Nairobi. Hesabu ya mwanzo ilikuwa dozi ya pili baada ya wiki 8. Mara India, kunakotoka chanjo hiyo, wakazuia kusafirisha nje kwa sababu maradhi yaliwazidi wenyewe. Dozi hazikuja. Ikaamuliwa wiki 12.

Sasa fikirini kadi. Kadi ya mgonjwa ina tarehe ya kurudi imeandikwa kwa kalamu. Mzee mmoja jirani yetu alichanjwa hospitali ya serikali, akaja kwetu siku ya kadi yake kwa kuwa sisi tu karibu na nyumbani. Tumwambie nini? Simu yake haijapata ujumbe, sisi hatujapata waraka. Alikunja kadi mara mbili akaitia kwenye mfuko wa kanzu, akasema, "Basi hawajui wafanyalo." Hakuwa na hasira. Alikuwa amekata tamaa, na hilo laumiza zaidi.

Mwanzoni mwa Aprili mwaka huo huo serikali ikapiga marufuku watu binafsi kuagiza na kutoa chanjo za corona. Sitaki kubishania uamuzi wenyewe, ulikuwa na sababu zake. Lakini jioni ile wateja walipiga simu kutuuliza, na sisi tulikuwa tumesikia dakika zile zile walizosikia wao.

Lililotuokoa lilikuwa jambo dogo. Afisa mmoja wa afya ya umma, kijana mdogo, alianza kututumia ujumbe wa sauti kila siku saa moja jioni, usiozidi dakika mbili, kwa Kiswahili. Na aliupa namba. "Huu ni ujumbe namba 14." Namba hiyo ndiyo iliyokuwa na kazi. Ukisikia 14 na jana ulisikia 12, wajua kuna kumi na tatu umeukosa, unampigia. Hata siku isiyo na jipya alisema, "Ujumbe namba 19, leo hakuna kilichobadilika." Hatukumlipa hata shilingi. Mungu ambariki popote alipo.

#6 Mtanga wa Midlands

Habari zenu. Mimi ni Mtanga, niko Uingereza mwaka wa 11 sasa, na wakati wa chanjo nilikuwa mapokezi kwenye kliniki ya daktari wa familia, hapa wanaziita GP. Naandika kwa sababu msije mkadhani huku mambo yalinyooka.

Huku kila mtu amesajiliwa kwenye kliniki ya mtaani kwake, kwa hiyo ndizo zilizobeba mzigo. Sindano ya kwanza ilichomwa hospitali ya Coventry tarehe 8 Desemba 2020, kwa bibi Margaret Keenan wa miaka 90, na wiki iliyofuata kliniki za GP zikaanza. Kliniki kadhaa zinaungana, moja inachanja kwa niaba ya zote. Boksi la Pfizer lilikuwa linakuja na dozi 975, na ukishalipokea una siku tatu na nusu kulimaliza. Ukiambiwa boksi linafika Jumanne, una watu 975 wa kuwapigia, wote wazee wa miaka 80 na zaidi, wengine hawasikii vizuri kwenye simu. Halafu unaambiwa boksi limesogezwa hadi Alhamisi. Unaanza upya na orodha ile ile.

Tarehe 30 Desemba 2020 ndiyo siwezi kuisahau. Siku hiyo ilitangazwa kwamba dozi ya pili isogezwe hadi wiki 12, ili watu wengi zaidi wapate ya kwanza. Wagonjwa wetu walikuwa na miadi ya dozi ya pili wiki ya kwanza ya Januari. Katikati kuna mkesha na sikukuu. Kabla hatujapata maelekezo kamili simu zilikuwa zinaita, maana wao walishaona kwenye televisheni. Mzee mmoja wa miaka 87 alikuwa ameshamwombea mjukuu wake ruhusa kazini amsindikize. Nilimpigia mimi. Alinyamaza muda mrefu kisha akaniuliza, "Sasa ile ya kwanza bado inanilinda?" Mimi wa mapokezi ningejua wapi?

Daktari wetu mmoja aliona hali ile, akakaa usiku akaandika ukurasa mmoja wa maneno ya kusema kwenye simu: nini kimeamuliwa, kwa nini, swali gani tulijibu sisi, swali gani tumpelekee yeye. Kuanzia siku hiyo nilipiga simu bila kutetemeka. Kuhusu chanjo zenyewe kulikuwa na sura moja ya kitabu cha mwongozo ya UVIKO, iko wazi mtandaoni kwa kila mtu, na kila toleo lina tarehe yake juu. Ukibishana na mwenzako mnaangalia tarehe tu.

Kwa hiyo ombi langu kwa Tabibu: ukidai habari zifike zahanati, usidai zifike kwa daktari pekee. Swali la kwanza linaulizwa mlangoni.

#7 Duka la Pili Kushoto

Wakuu mmetusahau sisi wa maduka ya dawa muhimu. Kabla mtu hajafika hata kwa huyo Tabibu ameshapita kwangu kununua panado. Kipindi kile watu walikuwa wananiuliza wanywe nini *kabla* ya kuchanja ili wasiugue. Wengine walitaka aspirini ya kuyeyusha damu kwa sababu ya habari za kuganda. Nilikuwa nawakatalia kwa hisia zangu tu, sikuwa na neno la kusimamia. Hakuna aliyewahi kutuletea hata karatasi ya kubandika ukutani.

#8 Binti wa Mama Sukari

Mimi si mtu wa afya, ni mtoto wa mgonjwa. Naomba nisimulie moja.

Mama ana kisukari. Alikwenda kuchanja, akapewa ile fomu ya kukubali kwa hiari asaini. Akaisoma, akaogopa, akaikunja akarudi nayo nyumbani. Mimi, kaka, hata mchungaji wake tulishindwa kumrudisha. Akasema anaenda kwa daktari wake wa mtaani, ana zahanati vyumba vitatu nyuma ya soko.

Nilimsindikiza. Daktari akaisoma fomu taratibu, mpaka mwisho, halafu akasema, "Mama, hii karatasi naiona leo kwa mara ya kwanza. Sitaki nikudanganye." Nikajua basi, tumeshindwa. Akatoa simu yake, akampigia mwenzake wa hospitali ya wilaya, akaweka sauti ya juu ili mama asikie. Akauliza swali moja moja, kile kile alichokuwa anauliza mama. Hii saini ni ya nini. Mwenye sukari yuko salama. Akiugua baada yake aende wapi. Yule wa upande wa pili naye akajibu bila kuharakisha, dakika kama nane hivi.

Mama alisaini juu ya meza ya daktari huyo. Hakutaka kusainia kule kituoni. Kesho yake akachanjwa.

Ninachowaza mimi: je, simu ile isingepokelewa?

#9 Tabibu wa Kona

Dada yangu, nimesoma ya mama mara mbili. Mimi sikumpigia mtu mbele ya bibi yangu. Nilisema "nitauliza" halafu nikanyamaza mpaka aliporudi mwezi wa tisa.

Mtanga, umenigusa pia. Mama wetu wa mapokezi hajawahi kualikwa kwenye semina hata moja, na kila anayeingia anaongea naye kwanza. Ndugu wa duka la dawa, pole, na nimekosa kutokukutaja mwanzoni.

Nimejaribu kuandika ujumbe ambao ningependa kuupata jioni moja ya Oktoba 2021. Nimeiga namba za yule afisa wa Mombasa:

*UJUMBE NA. 7. Kilichobadilika leo: Sinopharm imefika kituo cha afya cha kata. Ni dozi mbili, ya pili baada ya wiki 3 hadi 4. Kisichobadilika: aliyechanjwa Janssen amemaliza kwa dozi moja. Mkituletea watu wa Janssen, waje watano pamoja, asubuhi. Homa ya siku moja au mbili ni kawaida, lakini pimeni malaria kama kawaida. Kichwa kuuma bila kutulia, tumbo kuuma sana, mguu kuvimba au pumzi kubana ndani ya wiki 3 baada ya Janssen: pigeni namba hii hata usiku. Mtaulizwa kama mtu anaweza kuchanganya chanjo mbili tofauti. Jibu bado halijatoka, waambieni hivyo hivyo, likitoka litakuwa kwenye ujumbe wa namba mpya.*

Huo ndio wote. Unasomeka kwenye simu ya kitochi.

#10 Nakazia

Tabibu, nimekuelewa sasa. Sentensi hiyo ya "jibu bado halijatoka" ingesemwa wazi wakati ule, mimi mwenyewe ningechanja mapema.

#11 Mratibu Mstaafu

Mwanangu, ujumbe wako ni mzuri na ningeutuma. Lakini utakwama pale pale nilipokwama mimi: unautuma kwa nani? Namba 199 ya Wizara ipo na inasaidia mwananchi, lakini haiwezi kumjua kila mganga wa kila mtaa.

Usisubiri barua. Chukua daftari kubwa, ligawe kwa kata. Kila kata andika zahanati za serikali, za dini, za binafsi, maabara, na maduka ya dawa muhimu. Kila mahali majina mawili: mganga mfawidhi na mtu wa mapokezi. Namba mbili, kwa sababu moja huwa imezimwa. Usiandike nani ana jokofu. Ukimaliza, lipeleke kwa mratibu wa chanjo wa sasa mkononi, mwambie umemfanyia kazi aliyokosa muda wa kuifanya. Nakuhakikishia hatakufukuza. Mimi ningekukumbatia.

Na mwombe kitu kimoja kwa kubadilishana: akitaka kutuma jambo kwa redio ya wilaya, alitume kwenye daftari kwanza, hata saa mbili kabla. Na nyinyi mumrudishie. Tulikuwa tunashuka na habari tu, hatukuwa na njia ya kusikia kwamba watu wenu wanarudishwa kwa kukosa kufika watano. Ningejua ningepanga siku maalumu ya mtaa wenu. Septemba ile ulipoanza mpango harakishi na shirikishi wa kuwafuata watu na chanjo walipo tulienda mpaka stendi na kwenye magulio, na bado hatukuwahi kubisha hodi kwenye zahanati zenu kuuliza wagonjwa wenu wanasema nini. Hilo nalibeba.

#12 Nesi wa Kisauni

Mzee Mratibu, Mungu akuzidishie. Ongeza na tarehe ya kuhakiki namba, kila miezi mitatu. Huku wafanyakazi wa kliniki wahama kama samaki, daftari la mwaka jana nusu yake ni watu walioondoka.

#13 Tabibu wa Kona

MREJESHO, siku ya sita.

Wakuu, daftari limeanza. Mama wetu wa mapokezi ndiye anayeliandika, mwandiko wake unasomeka kuliko wangu, na amekataa kuliacha zahanati usiku. Kata yetu peke yake tumepata sehemu 17: zahanati 4, maabara 2 na maduka ya dawa 11. Mimi nilidhani ni saba au nane. Kata ya pili tumefika nusu.

Mratibu wa sasa nimemwona jana. Ni dada mdogo, ana wilaya nzima na pikipiki moja inayoharibika. Alilifungua daftari akahesabu kwa kidole hadi mwisho, akaniuliza naweza kumwachia. Nimemwambia nitampa nakala, lakini isiwe ya kukatika mstari wa chini. Tumekubaliana ujumbe namba 1 utoke Jumatatu saa moja jioni, hata kama hauna jipya.

Namba tatu hazipatikani, zote za maduka ya dawa upande wa mwaloni, kule ufukweni kwa wavuvi. Kesho baada ya kliniki nazifuata mwenyewe kwa bodaboda.